Cha Kufanyia Nini?

Mbuzi yangu iliingia Uingereza kwa ndege, imelazwa kwenye begi katikati ya kanga mbili. Afisa wa forodha alifunua kanga ya kwanza akaona kibao cha kukunja; akafunua ya pili akaona ulimi wa chuma wenye meno. Akauliza hiki ni nini. Kiingereza changu, ambacho ndani ya ndege nilikiona kinatosha, kilinikimbia. Maneno yaliyobaki mdomoni yalikuwa ya bibi yangu wa Ngamiani, Tanga: ya kukunia. Basi nikafanya ambalo mtu yeyote wa pwani angefanya. Nikaikunjua, nikaiweka sakafuni, nikaikalia, nikakuna nazi ya hewa mpaka wasafiri waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuchungulia. Afisa akacheka, akanirudishia kanga zangu, nikapita.

Sikujua kwamba nimetoka kufundisha somo langu la kwanza katika nchi hii.

Sasa nafundisha Kiswahili kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kukodi huku Sparkbrook, Birmingham. Watoto wangu ni wa kila upande: wazazi wa huyu wametoka Bukavu, wa yule Bujumbura, wengine Unguja na Mombasa, na wapo Wasomali ambao familia zao zilikaa Nairobi miaka mingi kabla ya kufika huku. Karibu wote wanakielewa Kiswahili wakikisikia. Wakijibu, hujibu kwa Kiingereza cha Birmingham, kile cha kuvuta irabu kana kwamba kila neno limeamshwa usingizini.

Nilianza vibaya. Mada ilikuwa vifaa na matumizi yake, mada ambayo kila mwalimu wa shule ya msingi kwetu ameipitia mara ishirini. Nikachora ubaoni nyundo, msumeno, mkasi, jembe na ufagio, nikaandika jina chini ya kila kimoja, watoto wakanakili. Madaftari yalipendeza. Wiki iliyofuata nikauliza, na neno pekee lililokuwa limebaki ni ufagio. Na aliyelikumbuka alilikumbuka kwa sababu mama yake humtishia nao.

Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira na nafsi yangu, nikaitoa mbuzi kabatini.

Jumamosi iliyofuata sikuandika kitu ubaoni. Niliiweka mbuzi sakafuni, nikaifunika kanga, nikawaambia watoto wapitishe mikono chini ya kanga mmoja mmoja, waguse, wasiangalie. Mmoja akasema ni mtego wa panya. Mwingine akasema ni gitaa lililovunjika. Mdogo kuliko wote akasema ni kiti cha mwanasesere, nikamwambia amekaribia. Nilipoifunua nikawaambia inaitwa mbuzi, wakacheka mpaka wakalala chini, kisha mmoja wa Unguja, mwenye masikio ya fundi, akauliza: kwa nini Mwalimu unasema mbuzi yangu, si mbuzi wangu? Nikamjibu kwamba akishika nazi anakuwa amekufa, roho imemtoka, ni kifaa. Jibu hilo halimo katika kitabu chochote cha sarufi, lakini mpaka leo hakuna hata mmoja wao anayekosea.

Nazi nilikuwa nimezinunua soko la Bull Ring, mjini kati. Nikazivunjia mlangoni kwa mgongo wa kisu, maji tukayakinga kwenye bakuli, kila mtoto akapiga funda moja. Kisha wakapanga foleni. Kukuna nazi ni kazi inayoonekana rahisi kwa mtazamaji tu. Wa kwanza alikaa akiangalia upande usiofaa. Wa pili aliikandamiza nazi kama anayesugua sufuria, ikamponyoka ikavingirika mpaka chini ya piano. Nikawafundisha kama nilivyofundishwa: kiganja kiizungushe nazi, meno yafuate duara, anza pembeni uende katikati, na ukianza kuona weusi wa gamba acha, usije ukalitia tui rangi. Baada ya nusu saa bakuli lilikuwa limejaa theluji, na neno hilo la theluji ni lao, si langu. Mimi sikukulia kwenye theluji.

Wakati wa kufunga nikauliza: haya, hii ni ya kufanyia nini? Binti mmoja wa miaka tisa akasema, "Ni ya kukuna nazi." Jirani yake, nazi bado imemganda vidoleni, akamsahihisha bila kunitazama: "Ya kukunia."

Nilimwacha apate sifa yake kimyakimya, maana ukimsifu mtoto kwa sauti kubwa mbele ya wenzake, wiki ijayo atanyamaza. Lakini moyoni nilipiga vigelegele. Miezi minne nilikuwa nikiwaeleza kauli ya kutendea kwa mishale na majedwali, nao wakaendelea kuniambia kisu ya kukata, kalamu ya kuandika. Nusu saa ya kukaa juu ya mbuzi ilifanya kile ambacho mishale haikufanya.

Na nadhani najua sababu. Ukisema "ya kukuna", sentensi imekamilika bila mtu. Mbuzi inakuna peke yake, kama mashine. Ukisema "ya kukunia", kuna mtu ameketi. Ile sauti ndogo iliyoingia katikati ya kitenzi ni nafasi aliyoachiwa mwenye mkono. Kisu cha kukatia, jembe la kulimia, sindano ya kushonea, kata ya kuchotea maji, patasi ya kuchongea mlango: kila mahali lugha imemwekea fundi kiti chake. (Kuchongea, kama mnavyojua, ni pia kupeleka maneno ya mwenzako kwa mkubwa. Nilipowaambia hivyo darasa zima lilimgeukia mtoto mmoja, naye akainamisha kichwa.) Mtoto ambaye hajawahi kukaa juu ya kitu chochote akakikunia, atawezaje kuiona nafasi hiyo? Kwake ni silabi ya ziada, na silabi za ziada watoto huzitupa kama maganda.

Mfano mzuri kuliko yote hatuuoni kwa sababu tunatembea nao. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Waliotupa lugha hii walipoutafutia mkono huo jina waliuita kwa kazi yake, sawasawa na walivyouita mwiko wa kusongea ugali. Niliwaeleza watoto hili nikiwa nimeinua mkono wangu juu. Mvulana mmoja anayetumia kushoto akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, mkono wangu wa kulia ni wa kushoto." Sikuwa na la kuongeza.

Ninaandika haya kuusifu ufundi mmoja ambao hauhesabiwi kuwa ufundi: ule wa mwalimu anayeingia darasani na kitu mkononi. Kiswahili chenyewe kimekwisha kuuhesabu. Fundi, kufunda, kufundisha, funzo, mwanafunzi, mkufunzi: ukoo mmoja, mlango mmoja. Kwetu anayejua kuranda mbao na anayejua kumfunda mwari wametoka tumbo moja la maneno, na anayefundisha darasani ni mdogo wao wa mwisho. Mjomba wangu, seremala, hakuwahi kusimama mbele ya ubao. Lakini wanagenzi wake aliwafundisha kwa utaratibu ambao hata vyuo vya ualimu vingeuonea wivu. Mwezi wa kwanza unafagia takataka za randa. Unazifagia, unazishika, unajua hii ni ya mvule na ile ni ya mninga kwa harufu. Mwezi wa pili unashika ncha ya pili ya uzi wa chaki. Msumeno utaugusa baadaye, na ukiugusa utashangaa kwamba mkono umekwisha jua kitu ambacho hukumbuki kuambiwa.

Methali ya zamani inasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Watu huitumia kusema kwamba mtoto hakosi kurithi walau kidogo cha baba yake. Mimi naisoma kama mtaala. Ndani ya kiwanda cha mhunzi kuna kazi ya asiyejua: ni mivukuto, na moto hauwaki bila yeye. Kusana, yaani kufua chuma, ni kitenzi ambacho leo hukisikii sana nje ya methali hiyo. Lakini huko Upare ukoo wa wahunzi ungali ukiitwa Washana, na chini ya Kilimanjaro, katika kijiji cha Mamba jirani na Marangu, bado utawakuta watu wamechuchumaa mbele ya fuawe na mtoto yuko nyuma kwenye mivukuto, anavukuta.

Mtaala wa shule za msingi wa Uingereza, ule ulioanza kutumika Septemba 2014, unataka watoto wa miaka mitano hadi saba wachague vifaa na kuvitumia kwa kazi kama kukata, kuunda umbo, kuunganisha na kumalizia. Nilipousoma nilicheka mara mbili. Kwanza kwa sababu ya hilo la kuchagua, maana wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima, na sasa serikali nzima inadai mkulima achague. Kisha kwa sababu ya kukata. Neno moja! Kwetu majani hufyekwa, matawi hupogolewa, kuni huchanjwa, mbao hupasuliwa, ndizi humenywa, nywele hunyolewa na kuku huchinjwa, na kila kitenzi kati ya hivyo kina chuma chake. Fyekeo halipogoi. Nimeligeuza kuwa mchezo: nataja kitenzi, mtoto anaigiza kwa mwili, wenzake wanataja kifaa. Aliyepewa kupogoa alisimama juu ya kiti akaangalia juu. Huyo amefaulu, maana amejua mti uko juu.

Hata hivyo nisiwatanie sana. Mtaala huo unataka kitu kishikwe, na hilo peke yake limeokoa masomo mengi. Kwetu tulikuwa na andiko zuri kuliko hilo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana, mtoto ajifunze kwa kazi na kazi ilipie sehemu ya gharama za shule. Wazo lile bado nalipenda. Lakini nilisoma katika shule ambamo jembe lilikuwa na kazi mbili: kulima Jumatano, na kung'oa kisiki siku yoyote uliyochelewa. Tulikuja asubuhi na kidumu cha maji na ufagio, na mara nyingine fyekeo, na hakuna aliyetuambia kwa nini fyekeo limepindwa pale mwishoni au kwa nini mpini wa jembe la fulani haumuumizi mgongo na wa fulani unamuumiza. Jembe likawa fimbo yenye mpini mrefu. Rafiki zangu wengi waliapa kwamba wakimaliza shule hawatalishika tena, na wametimiza kiapo. Silaumu andiko. Ila mwalimu anayempa mtoto kifaa kama adhabu amemfundisha vilevile matumizi ya kifaa, na mtoto huyo hasahau.

Kuna jambo la Birmingham ambalo sikulijua nilipokuwa nimeinama kwenye kisiki kile. Panga la nyumbani kwetu lilikuwa na chapa ya mamba. Nikiwa mtoto nilidhani mamba yule ni onyo. Miaka thelathini baadaye nilikuwa natembea Alma Street, kaskazini ya katikati ya mji huu, nikaona jengo la matofali mekundu, nikaambiwa kwamba ndilo lililokuwa kiwanda cha Ralph Martindale, kiwanda cha mamba, na kwamba mapanga yaliyotoka pale yalikwenda Afrika, Karibi na kila mahali penye miwa na magugu. Na jembe? Majembe ya Chillington, nayo yenye mamba, yalifuliwa Wolverhampton, safari fupi ya treni kutoka hapa. Nilisimama mbele ya jengo lile kama mtu aliyekutana na ndugu wa mama yake ugenini. Kisha nikakumbuka wahunzi wa Mamba, wale wa Uchagani, ambao kwao Mamba ni jina la kijiji wala si picha ya mnyama, na jinsi majembe ya meli yalivyowapunguzia wateja. Nikaona kwamba undugu huu una mirathi yenye ugomvi.

Wala chuma chetu hakikuanza na majembe ya meli. Wahaya walijua kutoa chuma cha pua katika matanuri yao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa huko Kagera waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri, shimo lake likajazwa matete yaliyochomwa, hewa ikapitishwa kwenye mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya moto ili ipate joto kabla ya kulifikia jiwe. Na mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, wakaliandika jambo hilo katika jarida la Marekani. Watoto wangu wanaipenda hadithi hii kuliko ya mamba. Wanapenda kwamba wazee hawakuwa wameyeyusha chuma kwa miongo mingi, na kwamba walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena.

Panga lenyewe silileti darasani. Sheria ya hapa haichezi na mtu aliyebeba kisu, achilia mbali shuleni, na tangu Septemba 2024 hata aina fulani za mapanga, zile zilizotengenezwa kutisha, kuwa nazo nyumbani tu ni kosa. Lakini sababu yangu ni nyingine. Mzazi mmoja kutoka Maziwa Makuu aliniomba kwa upole, baada ya wengine kuondoka, kwamba neno hilo nilipitie haraka. Hakueleza, nami sikuuliza. Lugha yetu inajua anachokijua: zana ni za seremala, na zana ni za vita. Kifaa ni kitu kinachofaa, basi. Chombo ni kijiko na ni jahazi, na siku hizi ni redio na ni dola. Ala hupigwa muziki, na ala huficha kisu. Siku ile nilifundisha fyekeo.

Vifaa nisivyoweza kuvileta darasani tunavifuata. Mtaa wa masonara wa Birmingham, huko Hockley, ndiko ninakowapeleka watoto mara moja kwa mwaka. Pale Vyse Street kuna kiwanda cha Smith & Pepper, kilichotengeneza vito vya dhahabu tangu 1899. Mwaka 1981 wenyewe walifunga mlango wakaenda zao, vifaa vikabaki mezani na vikombe vya chai vikabaki rafuni; 1992 pakafunguliwa kama makumbusho. Benchi la sonara limekatwa nusu duara pale anapokaa, na chini yake imening'inizwa ngozi. Mwenye kutuongoza akawauliza watoto ngozi hii ni ya nini. Mmoja akanigeukia akanijibu mimi badala yake, kwa Kiswahili, na kwa haraka: "Ya kudakia!" Ya kudakia nini? "Vumbi la dhahabu." Hakuwa ameambiwa. Aliiona tupa juu, akaiona ngozi chini, akaona kitu kikianguka katikati. Hatua chache kutoka hapo, Frederick Street, kuna makumbusho ya nibu za kalamu, maana zama za Malkia Victoria nibu nyingi za dunia zilipigwa chapa katika mji huu, na waliozipiga wengi wao ni wanawake, kila mmoja kwenye mashine yake ya mkono, maelfu kwa siku. Huko mtoto huruhusiwa kuvuta mkono wa mashine akatoa nibu yake mwenyewe. Wangu walitoka wameishika kama jino lililong'oka.

Karakana nyingine iliyofungwa na vifaa vyake ndani ilikuwa ya James Watt, yule wa injini za mvuke. Alizeekea Handsworth, hapa hapa Birmingham, na juu ya nyumba yake, darini, alikuwa na karakana. Alipofariki mwaka 1819 chumba kilifungwa, kikakaa hivyo, mpaka 1924 kila kilichokuwemo, vitu zaidi ya 8,000, kikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la sayansi London. Mashine mbili kubwa zilizokuwemo zilikuwa za kunakilia sanamu. Nimekwenda kukiona chumba hicho. Ni kizuri, na kilinisononesha. Vifaa elfu nane na hakuna hata kimoja kilichoulizwa swali tangu mwenyewe aondoke.

Ukumbi wetu wa Sparkbrook una mlinzi, mzee wa Kiingereza aliyezaliwa mitaa hii hii. Watoto humwita Babu, naye ameshazoea. Kwa miaka miwili alikuwa akitufungulia mlango saa nne kasoro robo na kutufungia saa saba, na kati ya hapo alikaa kwenye kijichumba chake na gazeti. Siku moja alinikuta nafunga mbuzi kwenye kanga. Akaiomba. Aliigeuza juu chini kabla hajatazama meno, akaangalia ulimi umeshikwaje kwenye ubao, akapitisha kidole gumba kwenye meno moja baada ya moja, akasema haya yamekatwa kwa tupa, kwa mkono, na aliyekata alianzia kushoto, kwa sababu ya kulia yamebanana. Alikosea hesabu akawa anayakusanya mwishoni. Mbuzi ile imekaa katika ukoo wetu tangu kabla sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mhunzi wake alikosea hesabu.

Nikamuuliza yeye alikuwa fundi gani. Alikuwa Longbridge, kwenye kiwanda cha magari, hadi kilipofungwa 2005. Lakini hakuunda magari. Kazi yake ilikuwa ile inayoheshimika kuliko zote katika mji huu, kutengeneza kalibu na vishikio ambavyo wengine watavitumia kuundia magari. Niliitafuta kwa Kiswahili nikiwa njiani kurudi nyumbani kwenye basi, na nilipoipata nilicheka peke yangu: fundi wa vifaa vya kutengenezea vifaa vya kutengenezea. Nafasi mbili za mkono katika pumzi moja.

Jumamosi iliyofuata alikuja na tupa ndogo ya pembe tatu akanoa meno ya mbuzi, watoto wamemzunguka. Aliyafuata makosa ya mhunzi yule hivyo hivyo, hakuyasawazisha. Jumamosi ya baada ya hapo alikuja na kisanduku chake cha mbao, kile alichopewa akiwa mwanagenzi wa miaka kumi na sita, chenye droo saba na kitambaa cha kijani ndani ya kila droo. Akakiweka juu ya meza. Watoto wakaanza. Wanachomoa kimoja, wanakiinua, wanauliza kwa pamoja, "Cha kufanyia nini?" Mimi natafsiri, yeye anaonyesha kwa mikono, wao wanatunga jina. Cha kupimia unene. Cha kuchoreshea mstari juu ya chuma. Cha kukunia, alisema mmoja, akiwa ameshika tupa, na wenzake wakabishana kama chuma hukunwa au husuguliwa, na sikuingilia. Kilichonishangaza ni keekee ndogo yenye uzi na upinde, aliyoachiwa na babu yake aliyekuwa sonara Hockley, ndogo mno lakini ndugu kabisa wa zile wanazotobolea mbao za majahazi kule Nungwi. Nikawaambia jina lake. Wakalirudia jina hilo, keekee, keekee, mpaka likawa sauti ya kifaa chenyewe.

Ilipofika saa saba kasoro dakika tano Babu alifungua droo ya chini kabisa, akatoa kitu cha shaba, kirefu kama kidole, chenye tundu upande mmoja na mkunjo upande wa pili. Akakishika juu. Kisha akasema, kwa irabu zilizovutwa mpaka zikakaribia kukatika, maneno ambayo alikuwa ameyasikia mara arobaini asubuhi ile na ambayo hakuna aliyemfundisha:

"Cha kufanyia nini?"

Watoto wakanitazama. Sikukijua. Wakamtazama yeye, wakakisogelea, wakakigusa tundu, wakakigusa mkunjo. Cha kuvutia waya? Akatikisa kichwa. Cha kufungulia? Akatikisa kichwa. Wazazi walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni na makoti yao, na mama mmoja wa Mombasa alikuwa anamwita mwanawe kwa mara ya tatu. Babu akakirudisha kwenye droo, akaifunga, akatoa funguo za ukumbi mfukoni.

"Jumamosi," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili pia.